Betri ya Trekta na Mkwe Mwenye Adabu

Leo nusura niteketeze gari la mkwe wangu, na adabu yake ikanisaidia kazi hiyo.

Ni gari dogo la michezo, limeinama kama linalotafuta sindano. Lilifika hapa kijijini Endasak salama, kisha betri ikafa uani kwangu. Kesho yeye na binti yangu wanarudi kazini Arusha.

Nikatoa betri ya trekta yangu.

"Baba, naona ni ndefu kidogo," mkwe akasema.

"Kubwa ndiyo salama!" nikajibu. Nilikuwa mwalimu, sijazoea kusahihishwa.

Akaiunganisha. Nikaamuru boneti ishushwe.

Bati la boneti likagusa vichwa vya betri. Cheche! Moshi! Binti yangu, aliyekuwa kwenye usukani, akatoka garini bila viatu.

Mkwe akainua boneti, akachomoa waya.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua, baba. Lakini ulikuwa umeshasema."

Fundi niliyemwita ameleta betri fupi inayoenea mahali pake, akaibana isicheze. Boneti imefunga bila kugusa kitu.

Nimemwamuru mkwe wangu: siku nyingine nikikosea, anipinge waziwazi.

Akainamisha kichwa. "Ndiyo, baba. Kama ulivyosema."

Wenzangu wenye wakwe, ninyi mnaponaje?