Tulivyompandisha Kambo Treni ya Bustani

Kilichotutoa nyumbani ni tamaa yangu. Nilikuwa na miaka tisa, dada yangu Mado saba, na bustani ya michezo ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, haikupandisha watoto treni bila mtu mzima. Baba alishinda machimboni Kakontwe hata Jumapili. Tulibaki na Kambo, mama yake mama, aliyekwama kwetu tangu Katanga ilipojitenga, vita vikakata reli. Kila siku aliuliza kama treni zimeanza kutembea, kwa sababu dada yake alikuwa mgonjwa Bukama. Nikamwambia kuna moja inatembea. Sikudanganya.

Saa mbili asubuhi, nyumbani Kakontwe. Kambo alitoka na kikwembe kipya kiunoni, furushi la samaki wakavu na kuku hai. Hapo ndipo ningepaswa kusema kweli. Nilimbebea kuku.

Saa nne, bustanini. Kichwa cha treni kilikuwa kikuukuu, kilichostaafu kuvuta mawe na kupakwa rangi nyekundu. Kambo alikiona ni kidogo mno, lakini akasema vita ni vita. Mkata tiketi alikata tatu, akamtazama kuku, akaongeza ya nne.

Mzunguko wa kwanza, Kambo alimpungia mkono muuza karanga, kumuaga. Wa pili alimwona tena. Wa tatu akamuuliza dereva Bukama tutafika saa ngapi.

“Mama, hii haitokake mu lupango,” dereva akasema, akimwonyesha ua wa bustani.

Nilisubiri kofi. Kambo alitukalisha kwenye nyasi, akafungua furushi.

“Mukule,” alisema. “Kule haitafika.”

Tulikula samaki wa mgonjwa. Walikuwa watamu, na niliona aibu kila nilipomeza. Tukarudi kwa miguu, kuku mikononi mwangu. Baba hakuambiwa kitu.

Reli ilipofunguliwa, tulimsindikiza Kambo stesheni na furushi jipya na kuku yule yule, sasa mzee. Watu wazima walijaa pale. Aliniuliza mimi.

“Weye, hii inatoka mu lupango?”

Bustani ilinifundisha kuuliza kabla ya kujibu. Nilimwendea mkuu wa stesheni, halafu dereva, halafu mwanamke aliyefika jana kutoka Bukama.

“Inatoka, Kambo. Miye naliuliza.”

Ndipo akanipa furushi nimpandishie.