Kiti cha Mlezi

Ndugu waumini, majirani, na nyinyi mliofuata harufu ya pilau: inatangazwa kwa unyenyekevu mkubwa kwamba Mzee Abdulswamad, mchoraji wa Mtaa wa Sikukuu, bahari ya hekima na nguzo ya Chama cha Zikri cha Nuru ya Subira, ndiye mlezi wetu wa maisha. Tusipaze sauti. Nguzo imesinzia.

Hakuuomba ulezi. Siku ya uchaguzi alitoka kwenda bombani kutia udhu, akarudi miguu inachuruzika maji, akakuta keshapitishwa. Kwenye vyama vyetu, asiyekuwepo ndiye mwenye sifa zote.

Kabla ya hapo alikuwa mtu kama watu. Alichora vichwa kwenye milango ya vinyozi na kuku kwenye vibanda vya chipsi, mpaka mabango ya kompyuta yakambakishia kuandika "Usikojoe hapa" kwenye kuta. Wiki nzima watu walimtaka hiki na kile: kuku anenepe, kichwa kiongezwe nywele. Alhamisi baada ya alasiri ndipo alipopona. Aliingia kwenye safu ya zikri, bega kwa bega na wapagazi wa sokoni, wakayumba pamoja, wakavuta pumzi pamoja, na kwa muda ule hakuna aliyemtaka kitu.

Ulezi ukamnyang'anya safu. Mlezi hasimami na watu. Mlezi huketi mbele, kwenye sofa la kuazima kwa jirani yetu Bi Waridi, chetezo cha ubani kikimfukiza puani, akiwapungia wageni mkono. Alhamisi moja aliinuka akaingia safuni. Safu ikampisha kwa heshima, na wanaume wawili wakamfuata na sofa.

"Anuari, mwanangu," alimwambia katibu, "nipumzisheni. Mimi nataka kusimama tu."

"Mzee, mlezi akisimama watu watasema chama hakina viti."

"Basi chagueni mwingine."

"Tumchague nani? Siku hizi hakuna anayetoka nje ya kikao. Wote wanatia udhu huko huko makwao."

Nyumbani mkewe, Bi Siwema, alikuwa anachagua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kwani hicho kiti kinataka mtu, au kinataka sura?"

 Mzee akaenda kutafuta msumeno.

Alikata ubao kwa umbo la mtu aliyeketi, akajichora mwenyewe: kanzu, kofia, mkono wa kulia umeinuliwa. Mdomo ndio uliomsumbua. Kila akiuchora ulivyo, mlezi anaonekana yuko mazikoni. Mwishowe akampa tabasamu la vichwa vya kinyozi.

Siku ya maulidi aliwahi kabla ya watu, akaukalisha ubao kwenye sofa. Anuari alipouona alishika kiuno.

"Mzee, hii nini?"

"Mlezi."

Kabla katibu hajauondoa, wageni wa Upanga waliingia. Moshi wa ubani ulikuwa mzito. Wa kwanza akainama, mkono kifuani.

"Shikamoo, mzee."

Ubao haukuitikia. Mgeni akageuka akawanong'oneza wenzake kwamba mzee kazama kwenye uradi, asisumbuliwe. Wakapita mmoja mmoja kwa adabu, na wa mwisho akamvisha shada la asumini.

Kule nyuma kabisa, Mzee Abdulswamad alijipenyeza katikati ya wapagazi wawili, mmoja ananuka vitunguu. Hakuna aliyempisha. Zikri ikaanza, bega la kulia likamsukuma, la kushoto likamrudisha, naye akafumba macho akaacha uzito wake wote uende na watu.

Waliposita ili wavute pumzi, Anuari akamfikia sikioni.

"Mzee, wageni wamegundua ni ubao. Lakini hawakukasirika, wanasema mlezi ana haiba. Ila wanauliza, mbona anatabasamu? Wewe tangu tukuweke hatujawahi kuona hata jino."

Mzee hakufumbua macho.

"Yule ndiyo kwanza ameanza kazi."