Jiwe Chini ya Mkaratusi

Habari zilinikuta kwa kinyozi mjini Kitale, kidevu kikiwa na povu upande mmoja. Mwendesha bodaboda aliingia kuomba kuchaji simu, na huku akitafuta soketi akasema yule mama wa matope amepigwa jiwe la kichwa huko upande wa Kachibora, amekata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Aliyasema kama anayetaja bei ya mahindi. Nilimwuliza ni mama gani wa matope ingawa nilijua, maana alikuwa mmoja tu. Nikatoka na povu langu nikasimama juani. Wasomaji wangu mnanijua, sifichi: sikuhuzunika. Huzuni ilikuja baadaye. Kilichonishika pale ni hasira ya kutaka kumtwanga mtu, yeyote yule, na ninapoandika haya bado haijaniisha.

Hatukuwa ndugu, wala hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Alikuwa mtu niliyezoea kukutana naye na kugombana naye. Alizaliwa Malakisi kwa watu wa tumbaku, akasoma hadi akawa daktari, lakini si wa sindano. Kazi yake ilikuwa kupanda Mlima Elgon na viatu vyake vya gambuti, kushindilia bomba refu ndani ya vidimbwi vya kule juu kabisa, na kulivuta likiwa limejaa tope. Tope hilo limetulia tabaka juu ya tabaka tangu enzi za barafu, na katika kila tabaka mna vumbi la maua ya wakati huo. Yeye alilisoma vumbi hilo kwa darubini akajua lini palikuwa na baridi, lini msitu ulipanda, lini moto uliteketeza kila kitu. Alinunua shamba upande wa Kachibora, akajenga, akaishi hapo miaka mingi kuliko aliyoishi kwao. Hakuolewa. Ulimi wake ulikuwa mkali, na kicheko chake kilikuwa kikali zaidi, cha ghafla, cha kumfanya mtu ajitazame kama amefunga vifungo vya suruali.

Mara ya kwanza nilimwona Bungoma, katika ukumbi wa shule moja ya upili ambako tulialikwa sote wawili kuzungumza na wanafunzi. Mimi nilisoma hotuba yangu wakapiga makofi ya adabu. Yeye alikuwa amewaagiza mapema kila mmoja aje na kitu kilichokuwa katika nchi hii tangu mwanzo. Meza ilijaa. Aliinua gunzi la hindi akasema limekuja juzi kwa meli, akalitupa sakafuni. Akainua jani la tumbaku, zao lililomlipia karo, akalitupa. Muhogo, parachichi, nyanya, vyote chini. Kuku mzima aliyefungwa miguu naye akaambiwa babu zake walitoka Asia, akawekwa chini akipiga kelele. Mvulana mmoja akaja na jiwe la mlimani, akijua ameshinda. Daktari akamwambia hata hilo lilitapikwa na moto kutoka chini ya ardhi, na siku lilipofika hapa liliua kila kilichokuwa hai.

Kisha akawasimulia habari za kisiwa kimoja cha mbali, katikati ya bahari, alikowahi kwenda kuchimba tope. Kilizuka kutoka chini ya maji kikiwaka moto, kikapoa, kikabaki mwamba mtupu. Msifikiri, alisema, kwamba viumbe walikwenda pale kwa mpango kama watu wanaohamia nyumba mpya. Walitupwa. Dhoruba iling'oa buibui na nyuzi zake, ikambeba. Ndege alipotezwa na upepo akiwa na tope miguuni, na ndani ya tope mlikuwa na mbegu. Kwa kila mmoja aliyeangukia mwamba, wasiohesabika walizama. Na wa kwanza kufika hawakuishi. Waliungua kwa jua, wakafa njaa, wakaoza kwenye nyufa, na uozo wao ndio uliokuwa udongo wa kwanza. Mwalimu mkuu alinong'ona kwangu kwamba huyu mama atawatisha watoto.

Baadaye nilimfuata mlimani ili niandike makala. Mvua ya mawe ilitupiga hadi mikono yetu ikavimba, naye hakuacha kushindilia bomba lake. Alinionyesha ile mimea mirefu ya kule juu, iliyo kama kabichi iliyobandikwa kwenye gogo, akaniambia kwamba hiyo nayo ni ya kisiwani. Zamani, wakati wa baridi kali, msitu ulifukuzwa ukashuka chini, na mimea ya baridi ikashuka nyuma yake ikatanda. Mimea ya milima tofauti ikakaribiana, upepo ukavusha mbegu kutoka kilele hiki hadi kile. Joto liliporudi, msitu ukaifukuza tena juu, na ile iliyochelewa ikafa. Iliyobaki imejibana kileleni, imezungukwa na nchi ya joto ambayo haiwezi kuivuka. "Na sasa joto linapanda tena," aliniambia, akinyoosha kidole mawinguni, "na huko juu hakuna pa kukimbilia. Ukikosa pa kukimbilia, bwana wa gazeti, unapigana au unakufa."

Nilidhani anazungumzia mimea. Lakini ninyi mnaoishi huku mnajua mvua zilivyotukimbia. Vijito vilivyotosha ng'ombe wa kijiji kizima sasa havitoshi bata. Watu waliokopeshana chumvi wameanza kupimana kwa macho mpakani, na neno "wa kuja", yaani wasio wenyeji, limerudi vinywani. Makabila siyataji. Mnayajua, na ukiyataja mtu husahau kitendo akashika jina.

Kati ya shamba la daktari na la jirani yake palikuwa na chemchemi. Jirani huyo ni mzee mpole, mwenye wana wanne watu wazima. Mpakani, hatua chache kutoka kwenye maji, umesimama mkaratusi mkubwa, blugamu kama tunavyouita, ambao babake mzee aliupanda kuwa alama ya mpaka. Huku kwetu mti wa mpaka ni shahidi. Korti inaweza kusema lake, na ramani lake, lakini mti ukisema mpaka ni hapa, ni hapa. Chemchemi ilipoanza kukauka, daktari alimwendea mzee akamwambia mkaratusi ndio unaoinywa, wakiukata maji yatarudi na wote watachota. Mzee alisema atafikiria. Wana wake hawakusikia habari za maji. Walichosikia ni kwamba mama wa kuja anataka kumuua shahidi wa babu yao.

Chifu akaitisha kikao pale pale mpakani, asubuhi, watu wengi. Haya nimeyapata kwa watatu waliokuwepo, na wote wamenieleza vivyo hivyo. Daktari alieleza habari ya mizizi na maji, kwa upole kuliko kawaida yake. Ndipo mwana mkubwa wa mzee akasimama, akaupiga mkaratusi kofi kwenye gome, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Huu mti ulikuwa hapa kabla ya mtu yeyote. Huu ndio mwenyeji, na sisi ndio wenye mti."

Na daktari akacheka.

Namjua, hakuweza kujizuia. Kati ya miti yote ya dunia, wameuchagua mkaratusi, mti uliotolewa Australia, ng'ambo ya bahari, uwe shahidi wa nani alifika kwanza! Alicheka kicheko chake kile, akaanza kusema kwamba mti huu wenyewe... Hakumaliza. Jiwe la kwanza lilimpata bega, la pili lilimpasua juu ya sikio. Alianguka kwenye tope la chemchemi. Mmoja alimrukia na rungu, chifu akamzuia kwa mwili wake, akavunjwa mkono. Nyumba ya daktari ilichomwa kabla ya adhuhuri, na mirija alimohifadhi tope la mlimani, kazi ya maisha yake, ilivunjwavunjwa uani. Watu zaidi ya mia walikuwepo, na hadi leo hakuna aliyemwona mrusha mawe.

Sisi wachache tuliojitokeza kumzika tuliambiwa aliwahi kusema azikwe karibu na chemchemi yake. Kwa hiyo tulilitoa jeneza mochari tukaelekea Kachibora, kakake kutoka Malakisi akiwa mbele katika gari la maiti. Tulikuta magogo barabarani na vijana wenye mapanga. Kioo cha mbele kilivunjwa tukiwa bado tunasalimia. Kasisi aliyekuwa nasi alitokwa na damu puani. Walisema jambo moja tu, mara nyingi: arudishwe kwao. Nilimgeukia kakake nikamwambia basi twende Malakisi, tusije tukazika wawili. Alitazama viatu vyake. Akasema polepole kwamba shamba la baba limeshagawanywa kwa wana, na hakuna kipande cha dada. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alishika jembe hadi mvi zikamwota, na siku ya kufa hakuwa na futi sita, si kwa majirani, si kwao.

Tulimzika kwenye makaburi ya umma hapa Kitale. Vibarua wa mtaa wa mabanda wa Kipsongo ndio waliochimba, na walipoona jinsi tulivyokuwa wachache wakabaki wakaimba nasi. Tukiwa tunafukia, mzee yule jirani akafika kwa bodaboda, na jembe lake. Hakumsalimu mtu. Alifukia nasi hadi mwisho, kisha akaja karibu nami na jasho lake. Nilitaka kumfukuza. Badala yake nikamwuliza kama anajua daktari alikuwa akicheka nini.

"Najua," akasema. "Mti ule ni mimi niliubeba. Nilikuwa mdogo. Baba alikuwa kibarua wa mzungu, mche alipewa kwenye bustani ya mzungu. Tulikuwa tumetoka mbali, hata sisi."

Nikamwuliza kama wanawe wanajua. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza siku ile kwenye kikao alikuwa wapi. Akasema alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti alichopewa na chifu.

Nimelaani vijana wa mawe katika safu hii mara nyingi, na nitawalaani tena, maana mkono uliorusha ni mkono uliorusha. Lakini vijana wale waliua kwa kuamini uongo ambao baba yao angeuondoa kwa sentensi moja. Ninyi wazee mnaosoma haya, Kitale, Bungoma na kwingineko, mnaokumbuka mlitoka wapi, mlifika na nini kichwani na ni nani aliyewapa maji siku ya kwanza, waambieni watoto wenu leo, kabla hawajaokota mawe. Mkaratusi bado umesimama mpakani. Nasikia chemchemi imekauka kabisa, na mzee bado hajawaambia wanawe.