Baraza Lisilokaliwa

Wasomaji wangu, mzee wa njia ya Momela ametutoka. Baadhi yenu mnamkumbuka. Ndiye niliyewahi kumtania hapa kwamba anaosha mbao kuliko anavyoosha vyombo. Dada yake alinipigia simu alfajiri kutoka Kikwe, akaniambia kwa sauti kavu kwamba kifua kimemshinda kaka yake, tujiandae kuzika. Nilikaa kitandani nikiwa na hasira, na hasira hiyo bado ninayo ninapoandika, maana mzee huyu alijua kabisa mahali pa kupona palikuwa wapi, na hakwenda.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mwenye migomba na kahawa kidogo mteremkoni. Mwanawe anayeishi ng'ambo alikuja likizo, akamkuta baba anaota jua kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akaona aibu. Akamjengea nyuma ya nyumba baraza la mbao, pana, lisilo na paa, linalotazama mlima, kama yale ya hoteli za watalii. Mchungaji akaliombea, tukala, tukapongeza, kijana akarudi zake. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kujenga ni vivyo hivyo. Ukungu wa Meru hauna heshima kwa mbao za mtu. Masika ya kwanza tu zikaota utando wa kijani, zikawa zinateleza kama bamia. Mzee akaanza kazi ya kusugua kwa brashi na maji ya sabuni, kusubiri zikauke, kupiga msasa, kupaka mafuta ya mbao. Kabla hajamaliza upande wa pili, upande wa kwanza ulikuwa umeshageuka kijani tena.

Dada yake ndiye aliyempa dawa ya kwetu, yaani oili chafu ya gereji, ile tunayopaka nguzo za zizi ili mchwa wasizile. Mzee akapaka baraza zima. Mbao zikawa nyeusi tii, zinanata, na mgeni akikaa anaondoka na nusu ya baraza kwenye suruali yake. Tulicheka sana. Kisha mwana akapiga simu ya video, akaomba aonyeshwe baraza lake, akaona lami. Hakugomba. Alituma madebe ya mafuta mazuri pamoja na maelezo ya namna ya kuyapaka, akaomba radhi kwa kutoyaleta mapema. Upole huo ndio uliomfunga mzee kabisa. Angegombezwa, angepata la kujibu. Sasa akabaki kupiga magoti na kukwangua ile oili, ubao mmoja baada ya mwingine, kwenye baridi, na kifua kikaanza kumbana.

Daktari alimwambia ashuke akakae penye joto mpaka Juni na Julai zipite. Dada yake akamwandalia chumba kwake Kikwe, kule chini kwenye joto, akatundika na chandarua kipya. Nikaenda kumsihi. Nilimkuta amejifunga blanketi, anahema kwa shida, akanikaribisha jikoni kwa sababu mbao za baraza hazijakauka. Nikamwamkia, nikamwambia ashuke. Akasema akipata jua la siku mbili tu, apake, ataondoka. Mnalijua jua letu la Julai. Nikamwambia basi amweleze kijana kwamba baraza limemshinda. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekosa swali rahisi.

"Mwanangu, mtoto amejinyima huko ugenini ili anijengee," akasema. "Nitamwambia kwa mdomo upi kwamba silitaki?"

Siku ya maziko tulijaa chini ya turubai na kwenye migomba, ila barazani hakupanda mtu, kwa kuwa karibu kila mmoja wetu alishawahi kukatazwa na mzee asikanyage mbao zake. Kijana alifika amevimba macho kwa kulia. Akapanda peke yake, akamuuliza shangazi yake baba alipenda kukaa upande gani, ili aweke kiti na picha yake hapo. Sote tukatazama chini.

"Baba yako hapa alikuwa anapiga magoti tu," akasema shangazi. "Kukaa, hajakaa hata siku moja."

Simlaumu kijana, alitoa kwa moyo mweupe, na wengi wetu tungefurahi kuwa na mwana kama yeye. Ila nimejifunza kwamba mzazi akipewa kitu, apewe na ruhusa ya kukiacha kioze. Na wewe mzazi unayesoma hapa, unayebeba zawadi iliyokushinda na unaogopa kusema, mpigie mwanao leo umwambie. Ataumia, sikufichi. Lakini kesho atakuwa na baba wa kumpigia simu.