Boti ya Upepo ya Gidahosh

Mwaka ule Manyara ilipofanywa mkoa, Gidahosh wa Basotu alikuwa amebaki na mbuzi wachache tu. Josho la kijiji lilikuwa halina dawa ya kuogeshea mifugo tangu kila mfugaji aambiwe ajinunulie yake, na ndigana, homa ya kupe, ikamaliza ng'ombe wake. Akaamua kuvua samaki ziwani.

Mama yake alikasirika. "Baba yako hakuwahi kugusa samaki. Kwetu wafugaji ni mwiko."

"Najua, mama. Lakini watoto watakula nini?"

Mama alihamishia kigoda chake upande wa pili wa nyumba.

Hasani, mchuuzi wa Katesh aliyetaka samaki wa kuuza, akampeleka Arusha kwa muuza mitumba. Palikuwa na boti mbili za kujaza upepo, ambazo huko pwani zilikuwa za kushushia abiria wa yoti, zile mashua za starehe za matajiri. Moja ilikuwa ya rangi ya chungwa, inang'aa. Nyingine ilikuwa ya kijivu, imepauka, na ina mpasuko ubavuni.

"Chukua hiyo inayong'aa," Hasani alisema. "Hata macho yanaikubali."

Gidahosh aliomba zote zijazwe upepo, akazipaka povu la sabuni taratibu, kama anayetafuta kupe. Ile nzuri ilitoa mapovu kwenye maungio yote. Ya kijivu ilitoa pale palipopasuka tu.

"Hii ina kidonda kimoja," alisema. "Ile inaachia mwili mzima."

Wakarudi na ya kijivu juu ya lori la vitunguu.

Gidahosh na mkewe, Efrazia, waliiziba kwa kipande cha tyubu na gundi ya baiskeli. Hata hawajafika mbali na matete, kiraka kikabanduka. Efrazia aliruka majini, maji yakamfika kifuani, wakaisukuma pamoja hadi ufukweni. Watu walicheka. Gidahosh alikaa kwenye nyasi, hataki hata kuitazama.

"Tumekosea gundi, si boti," Efrazia alimwambia.

Alikuwa sahihi. Walipompelekea boti, mshona maturubai wa mnadani aliikunja kona moja, akasema hiyo ni plastiki, si mpira. Akawapa gundi yake na kipande cha turubai. Safari hii walikwangua gundi ya zamani yote, wakapiga msasa, wakapaka pande zote mbili, wakangoja gundi iache kunata vidoleni ndipo wakabandika. Juu yake Efrazia aliweka jiwe la kusagia, akakataza mtu kuligusa mpaka kesho yake.

Kiraka kikashika. Samaki wakaanza kwenda Katesh.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mama alikuja ufukweni na fimbo yake. Gidahosh akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dada yangu anaumwa huko ng'ambo, na goti hili haliwezi kuzunguka ziwa. Hicho kitu kinabeba mtu mzima?"

"Kinabeba."

Efrazia aliisugua boti kwa sabuni na majivu kutoa harufu ya samaki, akatandika shuka. Mama aliketi katikati, ameshika shati la mwanawe kwa mikono miwili. Viboko walipuliza maji kwa mbali. Gidahosh akawakwepa kwa mzunguko mkubwa. Walipofika maji matulivu, alisikia ile mikono imeachia shati.

"Usikimbize," mama alisema. "Sijawahi kuuona Mlima Hanang' nikiwa huku."

Gidahosh akaacha kupiga kasia, wakatulia hapo, mpaka mama aliposema twende.