Mogire na Wachungulia Moto

Mogire wa Gesima aliwadharau wazungu wale wawili tangu siku ya kwanza, wala hakuona haya kusema. Watu wazima, wasomi wenye ndevu, wamepanda ndege kutoka Ulaya kuja kuchungulia shimo linalotema moto! Kwao Gesima mtoto akikaribia jiko huchapwa. Hawa walikuwa wanalipwa.

Walimwajiri mjini Kisii mwaka 1965, awapikie na kuwabebea mizigo juu ya mlima wa volkano wa Oldonyo Lengai, huko Tanzania. Mogire alimwita mmoja Mrefu, mwingine Mfupi. Majina yao halisi hayakumshughulisha. Sharti lake lilikuwa moja, maana alikuwa shemasi wa Wasabato na cheo hicho alikipenda kuliko shamba lake la chai.

"Jumamosi sishiki hata kijiko," aliwaambia. Wakacheka.

Jumamosi ya pili alikuwa hemani, ukingoni mwa shimo, akisoma Biblia, Mfupi alipokuja mbio. Mrefu alikuwa ameteremka kwa kamba kupiga filamu, mwamba ukameguka, mguu ukavunjika. Mogire alitupa kamba nyingine chini.

"Kamera kwanza," Mrefu aliita kutoka kwenye moshi.

Mogire akasonya, akaivuta kamera. Kisha akamvuta mwenyewe, akikohoa majivu, huku Mfupi amesimama kando akipiga filamu tukio zima. Mwenzake anaungua, yeye anatafuta picha nzuri!

Baada ya miezi sita ikaja barua ya shukrani. Mogire, kwa kiburi chake, akamwomba mwalimu Walter aisome kanisani mbele ya washiriki wote.

"Hatutaisahau Jumamosi ile," Walter alianza. Kanisa zima likageuka kumtazama Mogire.

Wazee wakamwita barazani, pamoja na Walter na ile barua. Nyasani, mkubwa wao, akamuuliza Mogire kwa nini alifanya kazi siku ya Sabato. Mogire alikuwa amejiandaa.

"Maandiko yanasema ng'ombe au punda akitumbukia kisimani, aopolewe hata Sabato. Ng'ombe hukimbia moto, mzee. Yule alikuwa punda."

Hata Bathsheba, karani wa kanisa, alicheka. Nyasani hakucheka. Alimwambia Walter aendelee kusoma.

"Uliipandisha kamera kwanza, ukaziokoa picha zetu."

"Na kamera, shemasi," Nyasani akauliza taratibu, "ni ng'ombe au ni punda?"

Mogire alivuliwa ushemasi palepale. Njiani kurudi nyumbani alijidharau kuliko alivyowahi kumdharau mzungu yeyote: punda alikuwa amemwamuru, naye akatii.