Mchimba kaburi aliyeulizwa swali na muuaji wa binti yake

Asubuhi, mvua imekatika lakini shimo limejaa maji. Mzee mmoja amesimama ndani hadi magotini, anachota tope kwa ndoo na kulimwaga ukingoni. Wenzake wawili wanamtazama, mikono mifukoni.

"Mzee, inatosha bwana! Huyo hata nusu ya shimo hili hakustahili," anasema mmoja.

Mzee anashika sururu, anaendelea.

Makaburini wanamwita Mzee Kina, kwa sababu hakubali kaburi la kina kifupi. Hulipwa kwa kila kaburi. Siku isiyo na mazishi nyumbani wanakula kwa kubahatisha. "Kazi hii huwezi hata kuiombea iongezeke," anasema, akitabasamu kidogo. "Mungu atanielewaje?"

Kaburi la leo ni la dereva wa lori. Ndiye aliyemuua binti yake wa pekee.

Binti alikuwa fundi cherehani. Jioni moja alikuwa akirudi kutoka kazini, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni, lori likapanda njia ya waendao kwa miguu. Dereva alikuwa amelewa chakari. Alifungwa, akatoka, pombe ikammalizia ini.

Wiki iliyopita, dada wa dereva alibisha hodi kwa Mzee Kina.

"Baba, naomba usinifukuze. Kaka yangu anakufa. Anakuita."

"Mfukuze," mkewe akasema kutoka jikoni.

Mzee Kina alikwenda. Hafichi nia iliyompeleka. "Nilitaka nimwone anavyoteseka. Basi."

Wodini alimkuta mtu wa macho ya njano, tumbo limevimba, miguu kama vijiti. Dereva hakuomba radhi kwanza. Aliuliza swali.

"Mchungaji amepita hapa. Ameniambia nikitubu na kumwamini Yesu, nimesamehewa. Wewe ndiye niliyekuulia mtoto. Mungu anaweza kunisamehe kabla yako?"

Mzee Kina, ambaye kwa miaka mingi amefundisha darasa la ubatizo kanisani kwake, anasema hajawahi kuogopa swali kama lile.

"Jibu nililijua. Nimewaambia watu wengi kwamba wokovu haununuliwi, kwamba Yesu ameshalipa, na kinachobaki ni kutubu na kupokea. Lakini siku ile nilitamani kumwambia 'hapana'. Neno moja tu, afe nalo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani.

"Anaweza," hatimaye akamwambia. "Hata bila mimi."

"Na wewe, mzee wangu?"

"Mimi bado."

Dereva akalia. Kisha akaomba mwenyewe, maneno ya mtu asiyezoea kuomba: "Yesu, nimeua mtoto wa watu. Sina cha kukupa. Nipokee hivi nilivyo."

"Nikasema amina," anasimulia Mzee Kina. "Ilitoka kwa shida. Lakini nilisema."

Aliporudi na kueleza yaliyotokea, mkewe alichukua shuka lake, akahamia chumba cha marehemu binti yao. Huko ndiko anakolala mpaka leo.

Tunamkuta mama huyo amekaa kando ya cherehani iliyofunikwa kitambaa. Anazungumza taratibu, bila kupaza sauti.

"Mwanangu hakupata hata nafasi ya kuita 'mama'. Yule amepewa kitanda, dada wa kumfuta jasho, mchungaji, na mume wangu wa kumwitikia amina. Niambie wewe, mwandishi. Hiyo ni haki?"

Mzee Kina anapoulizwa hivyo hivyo, anafuta tope usoni kwa kiwiko.

"Si haki. Mke wangu yuko sahihi. Ni neema, na mimi niliihubiri kabla sijajua inavyouma."

Msimamizi wa makaburi alimpa ruhusa asifanye kazi leo. Akakataa. Alijua vijana wangemchimbia dereva kaburi fupi kwa kumwonea uchungu yeye, baba wa binti.

Alasiri jeneza linashushwa. Waombolezaji hawafiki kumi. Dada wa marehemu anasogea kumpa mkono. Mzee Kina anaupokea, lakini macho anayaelekeza pembeni. Udongo mbichi unaanguka kwa kishindo kizito.

Baadaye, akinawa bombani, anaeleza jambo ambalo hata mchungaji wake halijui. Kila Jumapili kanisa linaposali Sala ya Bwana, akifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, yeye hufunga mdomo, akangoja wenzake wapite.

"Jumapili hii nitajaribu kupasema," anasema. "Na leo nikifika nyumbani nitabisha mlango wa chumba kile. Sitamwambia mama asamehe. Nitamwomba tu aje akae karibu yangu kanisani. Nikishindwa, angalau awepo."

Anafunga bomba, anabeba sururu begani, anaelekea getini.